Kufungua sentensi ndefu ya Kiingereza: vishazi tegemezi na usemi wa taarifa kwa msomaji wa Lubumbashi

Kiingereza kinaingia Lubumbashi pamoja na malori yanayotoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kinakaa katika mikataba ya kazi ya migodini na katika barua za duane (forodha), na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anakutana nacho tena siku ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, kwenye sehemu ya lugha, kando ya Kifaransa. Msomaji anayekwama mara nyingi anayajua maneno karibu yote. Asichokiona ni nani kafanya nini, maana sentensi moja imebeba vishazi vinne au vitano, na kila kishazi kina kiima chake (anayezungumziwa) na kitenzi chake.

Msomaji wa huku ana lugha mbili za kuegemea: Kiswahili cha nyumbani na Kifaransa cha darasani. Ila lugha hizo hazisaidii mahali pamoja. Kuna hatua ambapo Kiswahili kinakufikisha sawasawa na Kifaransa kinakupoteza, na kuna hatua ambapo mambo yanageuka. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini tunasema uegemee ipi. Shika karatasi na kalamu mbili za rangi tofauti. Kuangalia kwa macho peke yake hakutoshi mpaka mkono uzoee.

Hatua ya 1: pigia mstari vitenzi vyenye wakati

Kitenzi chenye wakati ni kile kinachobadilika ukihamisha sentensi kutoka leo kwenda jana. "Wants" inageuka "wanted", "is" inageuka "was", "will pay" inageuka "would pay". Kitenzi kisaidizi na kitenzi kinachosaidiwa huhesabiwa kuwa kimoja: "had been given" ni kitenzi kimoja, ingawa ni maneno matatu. Aina tatu haziingii katika hesabu: kitenzi kinachotanguliwa na "to", kitenzi cha "-ing" kisichokuwa na "be" mbele yake, na lile umbo la tatu mlilokariri shuleni, kama "given" au "written", likiwa halina "have" wala "be".

Chukua sentensi hii:

The driver who brought the copper from Kolwezi said that the papers he had been given at the office were not the ones the customs officer wanted to see.

Vitenzi vyenye wakati ni vitano: brought, said, had been given, were, wanted. "To see" haimo. Vitenzi vitano ni vishazi vitano. Kimoja ni kikuu na vinne vinakitegemea, kwa hiyo lazima pawe na viungo vinne vya kuvifunga. Hesabu ya kushika ni hiyo: idadi ya viungo ni idadi ya vitenzi ukitoa kimoja. "And" na "but" zikiunganisha vishazi viwili nazo zihesabu kama viungo, ingawa hazifanyi kishazi kuwa tegemezi.

Hesabu isipolingana, sababu ni moja kati ya mbili. Ama kuna kiungo kilichofichwa, ama umehesabu neno ambalo si kitenzi chenye wakati. Hilo la pili hutokea zaidi kwa maneno ya "-ed", kwa kuwa umbo la wakati uliopita na umbo la tatu hufanana. Tazama: "The bags checked at the border were sealed." Ukipiga mstari chini ya "checked" na "were sealed" unapata vitenzi viwili, na kiungo hakuna. Ingiza "which were" kabla ya "checked". Ikikaa vizuri, "the bags which were checked at the border were sealed", basi "checked" haina wakati wake. Mifuko haikukagua kitu, ilikaguliwa. Jaribio hili litakufaa hasa kwenye ripoti na barua za ofisi, kwa sababu waandishi wake hukata "which were" kila wanapopata nafasi.

Hatua ya 2: tafuta viungo, hata visivyoandikwa

Katika sentensi ya dereva, viungo viwili vinaonekana: "who" na "that". Viwili vimefichwa. Dalili ya kiungo kilichofichwa ni nomino mbili, au nomino na kiwakilishi, kusimama bega kwa bega bila koma wala "and", kisha kitenzi kikafuata. Weka mkwaju kati yake:

the papers / he had been given at the office
the ones / the customs officer wanted to see

Hapo kwenye mkwaju ndipo "that" au "which" ilipoangushwa.

Kiingereza huruhusu kuangusha kiungo hasa mahali pawili. Kwanza, baada ya vitenzi kama say, think na know: "He said the road was closed." Hapa egemea Kiswahili, kwa kuwa na sisi tunasema "alisema barabara imefungwa" bila "kwamba", na hakuna anayeshangaa. Kifaransa hudai "que" kila mara, kwa hiyo anayefikiri kwa Kifaransa analingoja neno ambalo halitakuja. Pili, kirejeshi ("who", "which" au "that" inayorudia nomino iliyotangulia) kinapokuwa shamirisho, yaani kitu kinachotendewa: "the truck I bought". Kirejeshi kikiwa kiima hakiangushwi kamwe. "The man came yesterday is my uncle" ni kosa. Lazima "the man who came yesterday".

Neno "that" linastahili uangalifu wa pekee kwa sababu lina kazi nyingi. Katika "that truck" ni kionyeshi tu, na halihesabiwi kuwa kiungo; ukiweka "this" mahali pake sentensi inabaki imara. Baada ya "so" au "such" linaleta matokeo: "so heavy that the bridge cracked". Kinachowachanganya watu ni "that" inayofuata nomino. Linganisha:

The news that Mazembe had beaten Internacional surprised everyone.
The news that the radio broadcast surprised everyone.

Sentensi ya kwanza inahusu Desemba 2010 huko Abu Dhabi, TP Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazili 2–0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Soma yaliyo baada ya "that" peke yake: "Mazembe had beaten Internacional". Hakuna kinachokosekana, kiima kipo, kitenzi kipo, shamirisho lipo. Kishazi hicho kinaeleza habari yenyewe ni ipi. Sasa soma ya pili: "the radio broadcast". Redio ilitangaza nini? Pana pengo. Penye pengo, "that" ni kirejeshi, na "which" inaweza kukaa mahali pake. Pasipo pengo ni "kwamba", na "which" haikai. Jaribio la pengo ni bora kuliko kanuni yoyote ya kukariri, na linafanya kazi kwenye sentensi ya urefu wowote.

Pengo hilo ndilo linalowaponza waandishi wanaofikiri kwa Kiswahili. Sisi tunasema "kitabu nilichokisoma", na "-ki-" ya pili inarudia kitabu ndani ya kitenzi. Ukiifuata unaandika "the book which I read it", na hilo ni kosa: "which" imekwisha kuwa shamirisho, "it" haina kazi tena. Hapa egemea Kifaransa, "le livre que j'ai lu", ambacho nacho huacha pengo wazi. Kwa upande mwingine, kihusishi kinachoning'inia mwishoni, kama "the company he works for", kinamsumbua mtu wa Kifaransa anayetafuta "pour laquelle" hapo mbele. Mtu wa Kiswahili akumbuke "kampuni anayoifanyia kazi": ile "-i-" ya "fanyia" ndiyo "for" ya Kiingereza. Ukikuta kihusishi mwishoni na baada yake hakuna nomino, pengo liko hapo.

Koma nazo zisome. "The drivers who had no papers were sent back" inasema waliorudishwa ni wale wasio na karatasi, na wengine walipita. "The drivers, who had no papers, were sent back" inasema madereva wote hawakuwa na karatasi na wote walirudishwa. Katika barua ya madai au ya malipo, koma mbili kama hizo zinaweza kuamua nani alipwe. "That" haitumiki ndani ya koma za namna hii, hapo utaona "who" au "which" tu, kama katika "TP Mazembe, who had won the semi-final, lost the final to Inter Milan." Inter ilishinda 3–0, lakini sarufi inabaki ileile.

Hatua ya 3: kamata kishazi kikuu

Kishazi kikuu ni kile ambacho kitenzi chake hakina kiungo mbele yake. Kwa dereva wetu ni "said". Sentensi ikianza na "when", "if", "although" au "because", ruka hadi koma, kwa kuwa kishazi kikuu mara nyingi kinaanzia hapo. Ugumu wa kweli uko pale kishazi kikuu kinapopasuliwa na kingine kikapenyezwa katikati. Mikataba ya kazi imejaa sentensi za hivyo:

An employee who is absent for more than three days without informing the supervisor to whom he reports shall, unless he can prove that he was ill, be deemed to have resigned.

Vitenzi vyenye wakati: is, reports, shall be deemed, can prove, was. Vitano. Viungo: who, to whom, unless, that. Vinne, hesabu imelingana. "Informing" na "to have resigned" hazimo. Kitenzi kisicho na kiungo ni "shall be deemed", ila kimekatwa vipande viwili na kishazi cha "unless". Ondoa kila kishazi tegemezi ubaki na uti wa mgongo: "An employee shall be deemed to have resigned." Mfanyakazi atahesabiwa kuwa ameacha kazi. Hiyo ndiyo habari nzito ya sentensi, nayo imewekwa mwishoni ambapo msomaji aliyechoka haifikii.

Kisha rudisha vishazi kimoja kimoja. Yupi? Asiyekuja zaidi ya siku tatu bila kumjulisha msimamizi. Msimamizi yupi? Yule anayewajibika kwake. Isipokuwa lini? Akiweza kuthibitisha. Kuthibitisha nini? Kwamba alikuwa mgonjwa. Uliza maswali hayo kwa sauti ikibidi. Ukikosa jibu la swali mojawapo, mkwaju mmoja umewekwa mahali pasipo pake.

Hatua ya 4: kipe kila kishazi tegemezi kazi yake

Kazi ni tatu. Kishazi kinachokalia nafasi ya nomino unaweza kukibadilisha na "something" na sentensi ikasimama: "he said something". Kishazi kinachoeleza nomino hukaa nyuma ya nomino hiyo na huwa na pengo. Kishazi kinachoeleza wakati, sababu, sharti au lengo unaweza kukifuta, au kukihamishia mwanzo wa sentensi.

Mgawanyo huo ungekuwa wa darasani tu kama "if" na "when" zisingekuwa na sura mbili.

Ask him if the truck has left.
Call me if the truck has left.

Ya kwanza: muulize kama lori limeondoka. Ukiweka "whether" inakubali, kwa hiyo kishazi ni nomino. Ya pili: nipigie simu ikiwa lori limeondoka, lisipoondoka, usipige. "Whether" haikai. Anayeisoma ya pili kama ya kwanza atapiga simu kwa vyovyote.

"When" ina matokeo makubwa zaidi kwa sababu inagusa wakati wa kitenzi. "Tell me when he will come" ni nieleze atakuja lini; jibu ni siku au saa. "Tell me when he comes" kwa kawaida ni akija, niambie. Kishazi cha wakati katika Kiingereza hakipokei "will" ya wakati ujao. Kifaransa kinakupoteza hapa kwa "quand il viendra", na ndicho chanzo cha "when he will come, give him the key" ambayo utaisikia hata kwa waliosoma sana. Egemea Kiswahili, ila chagua vizuri: "akija" haina alama ya wakati ujao na inakufikisha kwenye "when he comes". "Atakapokuja" ina "-ta-" ndani yake na itakurudisha kwenye kosa lilelile. Kanuni hiyohiyo inashika "before", "after", "until", "as soon as" na "if" ya sharti.

Hatua ya 5: usemi wa taarifa

Usemi wa taarifa ni kishazi tegemezi kama vingine. Tofauti yake ni kwamba maneno ya ndani yalisemwa na mtu mwingine, siku nyingine, mahali pengine, na sasa yanapimwa kutoka alipo mwenye kuripoti. Vinavyohama ni vitatu: nafsi, wakati wa kitenzi, na maneno ya siku na mahali. Kabla ya kuvigusa, chagua kitenzi cha kuripoti.

"Say" ni kusema na "tell" ni kuambia. Egemea Kiswahili bila woga. Huwezi kusema "aliambia kwamba" bila kumtaja aliyeambiwa, na "tell" ndivyo ilivyo: "he told me that", "he told the drivers that". "Say" haimpokei msikilizaji moja kwa moja: "he said to me that". Kosa la "he said me" linatoka kwa "il m'a dit", kwa kuwa Kifaransa kina "dire" moja kwa kazi zote mbili. Na "demand" isikudanganye kwa kufanana na "demander"; kuuliza ni "ask", na "demand" ni kudai kwa nguvu. Katika barua kwa mkubwa wa kazi, tofauti hiyo inaweza kukuletea shida.

Nukuu au "that", chagua moja. Katika Kiswahili cha Lubumbashi tunaweza kusema "alisema asema niko muchofu" na maneno ya msemaji yakabaki kama yalivyotoka mdomoni. Kiingereza kina njia mbili zilizotengana: He said, "I am tired", au "He said that he was tired". Kuandika "He said that I am tired" kumegeuza mchovu: sasa aliyechoka ni wewe unayeripoti. Jihadhari pia na "kama" ya mtaani. "Alisema kama atakuya" huku maana yake ni kwamba atakuja, hana shaka. Ukiigeuza neno kwa neno unapata "he said if he will come", ambayo kwa Kiingereza haina maana. Baada ya say ni "that". "If" inangoja ask, wonder na know.

Wakati wa kitenzi. Hapa Kiswahili hakisaidii kabisa. "Alisema anaumwa" inabakisha "-na-" hata kama ni mambo ya mwaka jana. Kiingereza, kitenzi cha kuripoti kikiwa cha wakati uliopita, hurudisha kitenzi cha ndani hatua moja nyuma, na Kifaransa hufanya karibu hivyohivyo. Mwenye "il a dit qu'il était malade", "qu'il avait payé" na "qu'il viendrait" kichwani anazo tayari "was", "had paid" na "would come". Mabadiliko ni haya:

am, is, are → was, were
pay → paid
paid, have paid → had paid
will → would
can → could
may → might
must → had to, au inabaki must

"Would", "could", "should", "might" na "had paid" hazina pa kurudi, zinabaki. Katika mazungumzo Waingereza wenyewe mara nyingi huiacha "paid" bila kuifanya "had paid" pasipo hatari ya kuchanganya. Katika mtihani andika "had paid".

Makosa mengi ya wanafunzi wenye bidii yanatokana na kurudisha pasipohitajika. Kitenzi cha kuripoti kikiwa "says" au "has said", usirudishe kitu. Jambo likiwa kweli hadi leo, unaweza kuliacha: "The teacher said that copper conducts electricity." Sharti la kufikirika tu nalo linabaki: "He said that if he had a truck, he would go to Kolwezi" ndiyo sentensi sahihi kwa mtu aliyesema "If I had a truck, I would go to Kolwezi."

Nafsi. Chora mishale mitatu: nani alisema, nani aliambiwa, nani anaripoti. Kabwe akimwambia Mwamba, "I will give you my key", na anayeripoti ni mtu wa tatu, unapata "Kabwe told Mwamba that he would give him his key." Je, "his" ni ya nani? Kiingereza hakisemi. Mwandishi makini huandika "Kabwe's key". Kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu, mwenye kuandika atafute kwanza kama ni "he" au "she". Hapa mazoea ya Kifaransa ya "il" na "elle" ndiyo ya kufuata.

Siku na mahali. "Tomorrow" inakuwa "the next day", "yesterday" inakuwa "the day before", "two days ago" inakuwa "two days before", "here" inakuwa "there", "this" inakuwa "that". Lakini hubadilika tu ikiwa siku au mahali pamebadilika. Fundi akisema asubuhi "I will come tomorrow" nawe ukaripoti jioni ya siku hiyohiyo, kesho bado ni kesho: "He said he would come tomorrow." Mazoezi ya vitabu hayakuambii hilo, kwa sababu huchukulia kwamba siku imekwisha pita. "Come" na "bring" nazo zinaweza kugeuka "go" na "take", kutegemea unaporipotia.

Maswali. Mambo matatu hutokea kwa pamoja: alama ya kuuliza inaondoka, "do" na "did" zinaondoka, na kiima kinatangulia kitenzi. "Where is the customs office?" inakuwa "He asked where the customs office was." Egemea Kiswahili: "aliuliza ofisi ya duane iko wapi", ofisi kwanza, kitenzi baadaye. Kifaransa, kwa "où était le bureau", ndicho kinachozaa "he asked where was the office". Swali la ndiyo au hapana hupokea "if" au "whether", na hapo ndipo "kama" inapopata kazi yake halali: "Do you have a passport?" inakuwa "She asked me whether I had a passport." Kabla ya "to", na baada ya kihusishi, tumia "whether" peke yake: "he doesn't know whether to wait".

Amri na maombi. Penye "-e" ya Kiswahili weka "to". "Aliwaambia madereva wangoje" ni "He told the drivers to wait." "Aliwaambia wasiegeshe pale" ni "He told them not to park there", na "not" inakaa kabla ya "to". Njia hii inashika tell, ask, advise, warn na order. "Suggest" inakataa: "alipendekeza twende" haiwezi kuwa "he suggested us to go". Sema "he suggested that we go", au "he suggested going".

Hatua ya 6: kurudi kwenye maneno ya mwanzo

Anayesoma gazeti au ripoti anahitaji safari ya kurudi: kutoka kwenye taarifa hadi kwenye maneno yaliyotamkwa. Usidhani jibu ni moja. "The manager said the company had paid the men" inaweza kutoka kwa "we paid" au "we have paid". Taarifa imefuta tofauti hiyo na hakuna njia ya kuirudisha.

Kitenzi cha kuripoti kikipenyezwa katikati ya koma, kama "The bridge, the minister said, would reopen in June", kihamishie mwanzo uweke "that", kisha hesabu kama kawaida. Usipofanya hivyo vitenzi vitakuwa viwili bila kiungo na utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

Hatari iliyobaki ni "that" kuangushwa karibu na neno la wakati. "The minister said on Monday the road would be closed." Alisema siku ya Jumatatu, au barabara itafungwa Jumatatu? Sentensi inakubali zote mbili. "Said on Monday that" na "said that on Monday" zinamaliza ugomvi, kwa hiyo unapoandika mwenyewe usiangushe "that" mahali kama hapo, hata kama vitabu vinakuruhusu.

Jaribu hii mwenyewe kabla ya kusoma jibu:

The manager said the company would pay the men who had lost their jobs before the end of the month.

Vitenzi vyenye wakati ni vitatu: said, would pay, had lost. Viungo viwili: "that" iliyofichwa baada ya "said", na "who". Kikuu ni "said". Maneno ya mwanzo yalikuwa "The company will pay the men who lost their jobs", au "who have lost". Kinachobaki ni "before the end of the month": inafunga "would pay" au "had lost"? Ikifunga ya kwanza, fedha zitatoka kabla ya mwezi kuisha. Ikifunga ya pili, wanaolipwa ni wale tu waliopoteza kazi kabla ya mwezi kuisha, na siku ya malipo haijatajwa popote. Mwambie aliyekuandikia aisogeze, "would, before the end of the month, pay the men", na aweke sahihi chini ya sentensi hiyo mpya.